Misa ya Shukrani kwa Kichocho

Kaka yangu alimshukuru Mungu kwa kumpa kichocho. Najua sentensi hiyo inavyosikika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Ilikuwa Jumapili, katika kanisa la Grand Prairie, hapa Texas, ambalo sisi Warundi tunalipata mchana, Wamexico wakishamaliza misa yao. Wakati wa matoleo alipanda kutoka mlangoni hadi altareni amebeba gunia la mchele begani, kavaa suti aliyoinunua kwa harusi ya binti yake mkubwa, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka kwaya ikapoteza sauti. Kila mtu mle ndani alijua sababu. Majibu ya damu yalikuwa yametoka maabara: ana kichocho. Kwa hiyo hana saratani.

Hiyo "kwa hiyo" ndiyo iliyotumaliza. Nataka kuieleza kwa mpangilio, kwa sababu siku hizi watu wa jumuiya yetu wanaisimulia kama bahati mbaya.

Kaka alikuwa akiendesha foklifti katika ghala moja kando ya barabara kuu, kati ya Dallas na Fort Worth. Choo cha wafanyakazi kiko mwisho wa ghala, na msimamizi huona nani kaenda na nani kakawia. Huko ndiko alikoona damu mara ya kwanza. Hakumwambia mtu. Aliyegundua ni shemeji yangu, mke wake, kwa kuwa ndiye anayefua. Alinipigia simu kazini kwangu Richardson, akasema kwa sauti ya mtu aliyejifungia chumbani:

"Shemeji, njoo uzungumze na kaka yako. Anakojoa kama watoto wa makazini."

Nilielewa mara moja. Sote watatu tulikulia katika makazi ya wakimbizi mkoani Tabora, ambako wazazi wetu walipewa mapori wayalime, nao wakayageuza majaruba ya mpunga. Sisi wavulana tulikuwa majini mchana kutwa: kupanda, kufukuza ndege, kuogelea kwenye mabwawa. Na karibu kila mvulana, akifika umri fulani, alimaliza kukojoa kwa matone mekundu. Hatukuogopa. Tulisimama kwenye tuta na kulinganisha. Ambaye mkojo wake ulikuwa mweupe alichekwa, aliambiwa bado ananyonya. Baba alisema itaisha ndevu zikiota, na kweli iliisha. Siku moja walikuja watu wa afya shuleni na vidonge na fimbo yenye alama ya kupima urefu wa kila mtoto, wajue apewe vingapi. Habari zilikuwa zimetangulia kwamba vidonge vile vinatapisha ukivimeza na njaa, nasi njaa tulikuwa nayo. Kaka alikimbilia mpungani, akarudi walipokwisha kuondoka. Nilimwonea wivu, maana mimi nilitapika mpaka jioni.

Basi kwa mtu aliyetoka kule, mkojo mwekundu hauleti hofu. Unamkumbusha utoto wake.

Alikwenda kliniki ndogo jirani na duka la matairi. Wakampa dawa ya maambukizi ya njia ya mkojo. Damu ikaendelea. Akarudi, wakampa nyingine ya namna hiyohiyo. Mara ya tatu alikutana na daktari kijana aliyeiacha kompyuta, akamtazama usoni na kulitaja neno lenyewe. Alisema mwanamume wa umri wake, mwenye damu kwenye mkojo na asiye na maumivu, ni lazima achunguzwe kama ana saratani ya kibofu, na njia ni moja: kuingiza kamera nyembamba ndani ya kibofu na kuangalia. Akamwandikia aende kwa mtaalamu.

"Kamera inapitia wapi?" kaka alimuuliza binti yake mdogo, aliyekuwa akimtafsiria.

"Dad, please," binti akasema, akatazama ukutani.

Usiku huo aliirudia habari hiyo mezani kama kichekesho. "Wanataka kunipiga picha mahali ambapo hata mama yenu hajawahi kupaona." Shemeji alicheka kwanza. Kisha akainuka kwenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Aliyeleta kichocho mezani alikuwa nesi wa Kikenya anayesali nasi, mwanamke mwenye kazi mbili na gari ambalo halipoi. Alikuja kumjulia hali, akauliza lile ambalo hakuna aliyeuliza kliniki: "Mzee, ulikulia wapi? Na maji yenu yalikuwa ya aina gani?" Aliposikia majaruba, alimwambia aombe apimwe damu kwa ajili ya mdudu wa kichocho. Daktari kijana ilibidi asome kwanza ndipo ajue aagize nini. Damu ikatolewa, ikapelekwa maabara ya mbali, tukaambiwa tungoje.

Katika kungoja huko niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Watu waliombea ugonjwa. Jumuiya ilikutana sebuleni kwa kaka, na mwenyekiti wetu, mwanamume mwenye sauti nzuri na imani isiyochoka, alitangaza nia ya rozari: kwamba iwe kichocho. Wazee kwa watoto waliitikia. Hakuna aliyeuliza ikiwa vyote viwili vinaweza kukaa katika mwili mmoja. Tulivipanga kama timu mbili za mpira: moja ikishinda, nyingine imefungwa.

Majibu yalipotoka, nyumba ilijaa. Soda zilifika kabla ya viti. Nesi alikuja moja kwa moja kutoka zamu, bado na sare, akakaa kwenye mkono wa kochi.

"Mzee, nafurahi na wewe," alisema. "Lakini sikiza. Hiyo test inatafuta kingamwili. Inaonyesha tu mwili wako ulishawahi kupigana na huyo mdudu. Inaweza kukaa hivyo miaka na miaka, hata kama mdudu mwenyewe alishakufa. Haisemi hiyo damu inatoka wapi."

"Dada," mwenyekiti akamkatiza, "kwani wewe ulitaka iwe saratani?"

Watu wakaangua kicheko.

"Sijasema hivyo, mwenyekiti. Nasema kamera iko palepale. Meza dawa, na kamera uende."

"Wakenya bwana! Mtu kapewa habari njema, nyinyi mnataka mumfungue mwangalie kama ni kweli."

"Na nyinyi mnataka mle sambusa." Nesi alisimama, akachukua funguo zake. "Haya. Mimi nimesema, Mungu ananiona. Mama, asante kwa chai."

Chai yenyewe hakuigusa. Nakumbuka kwa sababu nilitazama kikombe kile muda mrefu, utando ukijitengeneza juu ya maziwa, huku kaka akimwambia binti yake apige simu kufuta miadi ya mtaalamu. Nilimwambia asifute, aisogeze tu. Alinipiga begani. "Mdogo wangu, wewe redio ya kambini ilikuharibu. Kila habari unataka watu wawili waithibitishe." Ni kweli niliwahi kusoma habari katika redio ya kambi, Kigoma, baada ya kuondoka Tabora. Ni kweli pia kwamba habari ile ilikuwa na shahidi mmoja tu.

Alimeza vidonge vyake, safari hii akiwa ameshiba. Na damu ikakoma. Baadaye niliambiwa kwamba damu ya saratani ya kibofu huja na kuondoka ipendavyo, inaweza kupotea wiki nyingi bila kutibiwa na chochote. Lakini wakati ule, nani angebishana na mkojo mweupe?

Ndipo ikaja misa. Kwa asiyetujua: kwetu shukrani si neno la kumnong'oneza Mungu ukiwa peke yako. Ni tendo la hadharani. Unatoa matoleo mbele ya kanisa, unalisha watu ukumbini, unashika kipaza sauti na kutoa ushuhuda, na kila aliyekula ni shahidi kwamba jambo limekwisha. Shemeji alipika maharage, ndizi na ndagala, dagaa wa kwetu. Vijana walipiga ngoma. Kaka alisimama mbele ya watu, jasho likimtoka kwa furaha, akasema maneno ambayo binti yake aliyarekodi na ambayo bado yamo kwenye simu za watu wengi:

"Daktari alinipa saratani. Mungu akasema hapana, mpeni kichocho!"

Ukumbi ulilipuka. Hata padre, Mmarekani mwenye Kiswahili cha kujifunza, alicheka mpaka akavua miwani.

Miadi ya kamera haikuwepo tena.

Joto la kiangazi lilikuwa bado halijaisha alipokuja kwangu Richardson kunisaidia kuhamisha kabati. Aliingia chooni, akafungua bomba la sinki na kuliacha likimwagika. Mtu hafanyi hivyo nyumbani kwa mdogo wake bila sababu. Alipotoka niliingia mimi. Alikuwa amesafisha kwa makini, lakini chini ya ukingo wa bakuli lilibaki tone, na rangi yake ilikuwa ileile ya kwenye tuta la jaruba. Tena halikuwa tone tu. Lilikuwa na kijinyama cheusi katikati.

Nilimuuliza akiwa ameshika upande wa kabati, asiweze kuondoka.

"Imerudi lini?"

"Tulisukume kwanza hili."

"Kaka."

Aliliweka chini. "Muda kidogo."

"Twende kwa yule mtaalamu."

"Nimeshamshukuru Mungu mbele za watu wote," alisema. "Nirudi pale nikaseme nini? Naomba mnirudishie mchele wangu?"

"Mchele ulishaliwa."

"Ndiyo hivyo."

Tulicheka. Alikuwa na uwezo huo, kukuchekesha mahali ambapo ungepaswa kumkaba koo. Kisha akanieleza kwa utulivu, kama mtu anayeeleza njia ya kufika mahali. Kichocho cha Tabora ni sugu, alisema. Dozi ya Wamarekani ni ndogo, wamezoea minyoo ya watalii. Alikuwa amemwagiza mtu aliyekuwa akirudi kutoka Dar amletee vidonge vyenyewe, vya kule, vinavyomjua mdudu wa kule. Yaani damu ilirudi, na yeye hakujiuliza kama jibu la kwanza lilitosha. Alijiuliza tu kama dawa ilitosha.

Nilimweleza shemeji siku hiyohiyo. Alikuwa anajua, ni yeye anayefua. Tulimkalia kikao sisi wawili, tukamshinda kwa maneno, akakubali, na asubuhi yake akaenda zamu badala ya kliniki. Nilimpigia nesi, akaja, akamwomba kwa upole, kisha kwa ukali. "Mzee, hakuna mtu wa jumuiya atakayekuja kukojoa badala yako." Alimjibu kwamba anaheshimu sana ushauri wake. Nilimwendea hata mwenyekiti nikamwomba aseme naye, kwa kuwa kama kuna mtu angeweza kumfungua kutoka kwenye ile shukrani, ni aliyeitangaza. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema hawezi kwenda nyumbani kwa mtu kumwambia kwamba Mungu amebadili mawazo. Akaongeza kwamba shaka yangu ndiyo inayoweza kumrudishia mtu ugonjwa.

Vidonge vya Dar vikaja. Akavimeza. Damu ikapungua, ikazidi, ikapungua. Alihamia kwenye suruali nyeusi. Nyakati za misa alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, na watu walimsifu kwa unyenyekevu wake. Miti ya Richardson ilipukutisha majani, na bado tulikuwa tukibishana.

Iliyomaliza ubishi ni damu yenyewe. Iliganda ndani, ikaziba. Siku nzima ya zamu hakuweza kukojoa, na mchana wasimamizi walimkuta amejikunja juu ya usukani wa foklifti, tumbo limetuna kama ngoma. Gari la wagonjwa lilimchukua kutoka ghalani. Hospitali hawakumwuliza kuhusu mchele wala kuhusu majaruba. Walimlaza usingizi na kamera ikaingia kwa njia ileile aliyoikimbia. Uvimbe ulikuwepo, mkubwa, umeota juu ya ukuta wa kibofu uliokuwa na makovu meupe kama mchanga.

Walitutuma Houston, kwenye hospitali kubwa yenye wataalamu wa ugonjwa huo. Niliendesha mimi. Kaka alikaa mbele na mpira wa mkojo ukiwa umefungwa pajani chini ya suruali ya mazoezi, akihesabu kwa sauti malori ya kampuni yake tuliyoyapita. Tulilala kwa ndugu yetu Sugar Land, pembeni ya Houston, katika mtaa wenye nyasi zilizokatwa kama zulia, na asubuhi tukaonana na daktari, mwanamke mzaliwa wa Misri. Alisoma karatasi, akainua kichwa, akauliza swali la nesi kwa maneno mengine:

"Kwenu mlilima mpunga?"

Nilitafsiri. Kaka alinitazama kana kwamba ni mimi niliyemwambia.

Daktari alieleza na mimi nikageuza. Mdudu wa kichocho hutaga mayai kwenye ukuta wa kibofu. Mdudu anakufa, mayai yanabaki, ukuta unachubuka na kupona na kuchubuka tena, miaka na miaka. Mwisho kovu lenyewe linaweza kuzaa saratani. Alisema kwao amewaona wakulima wengi wa namna hiyo. Kwa hiyo, alisema, lile swali letu la kipi kati ya viwili halikuwa swali sahihi.

Nilimuuliza kama hakuna kipimo cha damu ambacho kingetuambia mapema, kichocho peke yake au tayari saratani. Nilitaka jibu la ndiyo. Nilitaka pawepo na mtu aliyesahau kutumia kitu kilichokuwepo, ili niwe na wa kumchukia.

"Watafiti wanakitafuta," alisema. "Kuna vitu ambavyo saratani huviacha kwenye damu, tunavipima. Shida ni kwamba baadhi yake hupanda hata kwa mwenye kichocho tu, kwa sababu kibofu kilichojeruhiwa ni kibofu kilichojeruhiwa. Sina kipimo cha damu ambacho ningekiamini leo nikaacha kuangalia kwa kamera." Kisha akauliza kama kaka angekubali wabaki na kichupa kimoja cha damu yake kwa ajili ya watafiti hao.

"Mwambie achukue," kaka alisema. "Ile ya kwanza ilisema uongo. Labda hii itasema kweli."

Nilitafsiri kama ilivyo. Daktari alitikisa kichwa.

"Ile haikusema uongo. Iliulizwa kama umewahi kuwa na kichocho, ikajibu."

 Walipomaliza kumtoa damu, kaka alibonyeza pamba kwenye kiwiko chake. Baada ya hapo daktari alisema lililobaki, na hilo nalo lilibidi lipite kinywani mwangu: kwamba uvimbe umeshatoboa ukuta na kutoka, kwamba kama ungeonekana damu ilipoanza, huenda ungekuwa bado uko juujuu, wa kukwangua, kwamba watakitoa kibofu chote na kumpa dawa, na dawa hizo ni za kuongeza muda. Nilipofika kwenye "muda" nilisimama kutafuta neno lenye huruma zaidi.

"Usitafute," kaka akasema. "Nimeelewa."

Walikitoa. Alikaa Sugar Land mpaka aliposhika nguvu za kurudi nyumbani, akitembea kila jioni kwenye njia ya lami na mfuko wa mkojo ukiwa umebandikwa tumboni, chini ya shati aliloliacha nje ya suruali. Watu na mbwa zao walimsalimia, naye aliwaitikia kwa Kiswahili.

Aliporudi Grand Prairie, jumuiya ilikuja. Soda zilifika kabla ya viti, kama zamani. Waliimba, wakasali, nia ya sala haikutajwa. Nesi alikaa kwenye mkono wa kochi lilelile na hakumtazama mwenyekiti hata mara moja. Nilikuwa nikimsubiri atamke, walau neno moja. Nilikuwa nimemwandalia nafasi kichwani mwangu. Hakutamka. Alimwuliza kaka kama ngozi inamwasha pale mfuko unapobandikwa, akafungua mkoba wake na kumpa mafuta.

Ni mwenyekiti aliyeshindwa kunyamaza. Alikuwa amekonda, nadhani, au labda alikuwa amekaa vibaya tu.

"Baba," alisema, "ile shukrani yetu. Tulikosea?"

 Binti mdogo alikuwa ameshika simu yake kwa mikono miwili, imezimwa. Kaka alifikiri, na niliona kwamba anafikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa kuhusu kazi yake.

"Hapana, mwenyekiti," akasema. "Tulishukuru kwa kichocho. Na kichocho kilipona kabisa."

Wawili watatu walicheka, wakakoma walipoona wengine hawacheki. Kaka alinyoosha mkono nimwinue, maana mfuko ulikuwa umejaa.